Jua Limo Ndani ya Mbwa

Bonde la Bartang, miaprikoti ikichanua

Mdogo wangu Qimatsho,

Ya Ali madad. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia, na huko Moscow wamewapa chumba chenye joto. Sisi huku tunapumua. Ng'ombe amezaa ndama jike, na barabara imefunguka, ndiyo maana dereva Ofarid amekubali kubeba barua hii. Ningekupigia simu, lakini mtandao unashika juu ya paa la Yodgor tu, na masikio ya Yodgor unayafahamu.

Baba ni mzima wa mwili. Habari zake nyingine zinafuata huko chini, usiruke mistari.

Nianze na mkeo. Ulipotuletea Oyniso kutoka Dushanbe, ukakaa naye muda wa kunywa chai kisha ukaondoka, hukumwambia kwamba baridi ikiingia jua halikanyagi tena kijijini kwetu. Baridi alikuwa anaijua. Kivuli hakukijua. Siku mlima ulipolimeza jua, alitoka na nguo za kuanika akasimama uani kulisubiri. Nikamwambia, wifi, ingia ndani, halirudi leo wala mwezi huu. Akacheka, akidhani namtania.

Tulijaribu yote tunayoyajua. Nilimpa koleo tukapanda paani kusukuma theluji, maana kazi ya jasho hunisaidia mimi mwenyewe kila mwaka. Tulimpeleka kwa majirani kunakopigwa rubabu na kuimbwa. Mchana nilimpandisha njia ya mbuzi hadi kwenye lile jiwe ambalo jua huligusa kidogo, tukaketi pale na chai yetu ya maziwa na chumvi kama kuku waliolowa. Akapata nafuu. Halafu theluji ikafunga njia, na yeye akaanza kulala mchana. Nywele hachani. Forosadi kavu anazozipenda nikimwekea, nazikuta palepale. Nilipokueleza, ulisema, "Dada, huyo anadeka tu. Mpe kazi." Ukatuma vidonge vya vitamini.

Kilichomshika kidogo ni hesabu ya Baba. Alimfundisha kama alivyotufundisha sisi tukiwa wadogo, kwamba wakati wa kivuli jua limo ndani ya mbwa, limejikunja limelala. Siku mwanga wa kwanza utakapoligusa lile jino la mlima lililopasuka, jua linamwingia mtu kwa ukucha wa mguu, linapanda kifundo, goti, kiuno, hadi moyoni na kichwani, na sisi tunalima na kuchunga kwa kulifuata. Oyniso alilipenda jambo hilo. Kila asubuhi, kabla hajafumbua macho vizuri, anauliza, "Baba, jua limefika wapi?" Baba naye, ambaye ameshashuka kutoka paani kutazama mlima, anamjibu, "Bado limo ndani ya mbwa, mwanangu. Linakoroma." Hapo ndipo nilipokuwa nasikia kicheko chake. Yodgor alisema mbwa mwenyewe amehamia kwetu, analala mchana na hataki kuchana nywele.

Kisha asubuhi moja hakuuliza. Hapo nitarudi.

Kesho yake Baba alisimama paani akakitangazia kijiji kwamba jua limeingia ukuchani. Watu walishangaa kidogo, wakaona limewahi, lakini nani angebishana na mtu ambaye baba yake na babu yake walihesabu kabla yake na hawakukosea? Wanawake, kama desturi ya siku hiyo, tukafagia masizi kwenye dari, tukachora kuta kwa unga, tukapika, punda akaingizwa ndani akalishwa mkate. Wengine wakamwaga majivu mashambani ili theluji iyeyuke. Yodgor akawatoa kondoo wake akawapeleka zizi la juu. Ikashuka theluji nzito kuliko yote ya msimu huo, na kondoo wa Yodgor wenye mimba wakafia huko.

Baba hakujitetea. Alimpa Yodgor kondoo wetu wote, bila kuambiwa. Sasa siku ya kulima inatangazwa na mwalimu wa shule kutoka kwenye simu yake. Watoto wakimwona Baba njiani wanabweka. Yodgor anamwuliza mbele za watu, "Mzee, leo jua liko wapi, mkiani?"

Nawe ukatia lako. Ile sauti uliyowarekodia wenzako wa Moscow, kwamba baba yako sasa amwachie mbwa ahesabu, ilifika huku. Yodgor aliipiga juu ya paa lake, kwa sauti ya juu kabisa. Baba alikuwa chini anapasua kuni. Aliisikiliza hadi mwisho, akaweka shoka, akaingia ndani.

Sasa nikwambie, maana wewe ni mumewe na una haki ya kuumia kama sisi.

Asubuhi ile ambayo Oyniso hakuuliza, nilirudi kutoka kukamua nikakuta viatu vyake mlangoni na yeye hayupo. Baba alifuata nyayo. Zilikuwa nyayo za miguu mitupu. Tulimkuta katikati ya mto, ameketi juu ya barafu pale inapokuwa nyembamba, maji yanasikika chini yake. Baba alilala kifudifudi, akasota hadi alipomshika mkono. Alipomwuliza anafanya nini, mkeo alijibu kwamba alikuwa anasubiri jua, lakini sasa amechoka kusubiri.

Kesho yake nilipanda paani pamoja na Baba. Mwanga ulikuwa mbali na jino lililopasuka, hata mtoto angeuona. Baba akautazama, akanigeukia, akasema, "Shakarmo, mwanga umefika." Hakuwa ananiuliza. Akaanza kutangaza. Oyniso aliinuka siku hiyo, Qimatsho. Alichana nywele. Alichora maua ya unga ukutani kwa mkono wake mwenyewe.

Baba amenikataza kuwaambia watu, wasije wakamnyooshea kidole mke wa mwanawe. Kwa hiyo anabwekewa na kunyamaza.

Jua la kweli limeshapita magoti. Baba halitazami. Anashinda ameelekea ukuta, nywele hachani. Kijiji kizima aliyebaki kumwuliza ni Oyniso. Kila asubuhi anamwekea chai na kumwuliza, "Baba, jua limefika wapi?" Naye anamjibu kwamba bado limo ndani ya mbwa.

Wasalimie wenzako wote, hasa wale waliocheka. Oyniso anakusalimu. Baba hajatuma salamu. Nilimwuliza, nikamwuliza tena. Vidonge vyako vya vitamini nimemrudishia Ofarid akuletee.

Ni mimi dada yako,
Shakarmo