Kona ya Seneta Oyler

Alhamisi, 8 Januari

Bw. Hinrichs ameuliza darasani nani atakwenda kwenye mkutano wa mchujo wa chama, kuchagua mgombea urais kwa kusimama kwenye kundi lake. Wenye miaka kumi na saba tunaruhusiwa, mradi tutimize kumi na minane kabla ya uchaguzi wa Novemba. Nimenyoosha mkono peke yangu — nusu tu, hadi usawa wa sikio. Travis Meints, nyuma yangu: Thea, utasimama na nani, na kabati la vitabu? Wakacheka. Hata mimi nikacheka kidogo, ili yaishe.

Mchana nimekula maktaba, kama kawaida. Nimemaliza kusoma sera za wagombea wote. Ni Seneta Oyler. Ndiye pekee aliyeandika nini hutokea hospitali ndogo kama yetu ikifungwa, na fedha za kuiacha wazi zitoke wapi. Nina uhakika kabisa.

Sina wa kumwambia.

Jumapili, 11 Januari

Nyumba imejaa watu. Baba anaongoza kampeni ya Gavana Hallett katika kata yetu, kwa hiyo mabango sebuleni, simu hailali, Bi Uken ameleta viazi vya kuokwa na jibini. Tangu mama ahamie Des Moines mwezi wa Septemba hatujapata kelele kama hizi. Baba anacheka tena. Nilikuwa nimesahau anavyocheka.

Nikiwa jikoni nimemsikia akiwataja watu wake kwenye simu. Uken na mkewe, akina Frerichs… "na Thea wangu."

Hakuniuliza. Hakuniuliza!

Jumatano, 14 Januari

Nimejaribu mezani. Nimesema, Baba, Oyler ana hoja nzuri kuhusu hospitali. Akasema, Oyler ni mama mzuri, mwanangu, lakini hata mbwa wake hatamuunga mkono. Hebu nipe chumvi.

Nikampa chumvi.

Ingekuwa kura ya siri ningeingia kibandani, nikatoka, tukala pamoja kama kawaida. Lakini huku Iowa mchujo wetu hauna kibanda. Unakwenda kusimama kwenye kona ya mgombea wako, mbele ya daktari wako wa meno.

Jumamosi, 17 Januari

Nimepiga simu ofisi ya Oyler. Kijana aliyepokea alifurahi mno, nikamwonea huruma. Akauliza katika kata yetu Oyler ana watu wangapi. Nikasema, mmoja, ninavyojua. Akasema: basi kiongozi ni wewe.

Mama naye alipiga. Nilitaka kumwambia. Akauliza habari za theluji, nikampa habari za theluji.

Jumatatu, 19 Januari. Ukumbi wa michezo, shuleni

Naandika kwa sababu sijui mikono niiweke wapi.

Nimekaa kwenye benchi chini ya goli la mpira wa kikapu, na bango nililochora mwenyewe. Peke yangu. Tulipoingia, baba alidhani nakwenda msalani. Aliponiona nakaa huku, aligeuka akaanza kupanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Mwenyekiti amehesabu. Ukumbi mzima tuko sitini. Kundi lisilofika watu tisa linavunjwa, na watu wake wanahamia kwingine.

Kundi la baba ni wanane.

Nimemwona akihesabu tena kwa kidole. Kisha akanitazama.

Sasa ni muda wa kushawishiana. Bw. Frerichs ndiye wa kwanza: Binti, baba yako ameshinda kwenye simu wiki nzima. Unamwangusha kwa ajili ya seneta asiyejua hata kama uko hai? Nikasema, samahani. Akasema, samahani haihesabiwi. Watu wa kona nyingine wameniletea biskuti na kipeperushi. Kisha Bi Uken, kwa upole: Mwanangu, kundi lako litavunjwa vyovyote vile. Utahamia wapi kama si kwetu?

Ni kweli. Oyler hapati kitu hapa, nikibaki au nikiondoka. Naweza kuvuka uwanja, baba akapata mtu wake wa tisa, na nisimsaliti yeyote. Hallett si mtu mbaya.

Lakini nikivuka sasa, itakuwa kana kwamba nilikuwa kule tangu mwanzo. Tangu baba aliponitaja kwenye ile simu. Nataka mtu mmoja aniulize kwa nini nimekaa hapa. Wote wameniuliza ninaondoka lini.

Mwenyekiti ametangaza dakika tano.

Baba ameweka kikombe chake cha kahawa sakafuni. Anakuja. Anakatiza katikati ya uwanja, mwendo wake ule wa taratibu, wa kanisani, na wenzake wote wanamtazama mgongoni. Uso wake hauniambii kama anakuja kuniuliza au kunichukua.

Nimeliondoa begi langu kwenye benchi nikaliweka sakafuni, apate pa kukaa —