Kisima Karibu na Jiwe la Waingereza

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Ipuli tu wazima, na mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike.

Umesoma lile jiwe la barabarani lisemalo Waingereza wa kwanza walikaa pale, ukaniuliza kama kabla yao palikuwa pori. Nilipokuwa msichana, nilimsomea bibi yangu maneno yale. Yeye alikuwa haoni.

Akauliza, "Hawakuandika walikunywa maji ya nani?"

Akapiga hatua chache, akapiga magoti, akafukua majani kwa mikono. Mdomo wa kisima ukaonekana.

"Mama yangu ndiye aliyekichimba."

Akakiinamia, akaita, "Mama!" Sauti ikarudi kutoka chini kabisa, mbichi kama ya mtu aliye hai. Nami nikapiga magoti kando yake.

Bibi yako akupendaye