Kumtafuta Maiti wa Naini

Jumatatu, 12 Oktoba 1936
Nimeacha mizani ya kupimia majani ya chai! Nyapara wa kiwanda alicheka mpaka akakohoa, na kabla sijatoka mlangoni kazi yangu alishampa mtu mwingine. Haya, yamekwisha. Kuanzia leo mimi, Kepher, ni mwanagenzi wa Bwana Joab na kundi lake la michezo kutoka Kisumu. Mwanagenzi maana yake nabeba masanduku, nachemsha chai na kunyamaza.

Wataigiza hapa shambani Jumamosi ya tarehe 24, kisha lori linaondoka. Nikimridhisha naondoka nao. Nisipomridhisha, sina mizani wala Kisumu. Naitaka kazi hii kuliko chakula, sioni haya kuandika hivyo.

Mchezo ni ule wa mjane wa Naini. Mwanawe wa pekee amekufa, anapelekwa kuzikwa, Yesu anagusa jeneza, kijana anaamka. Kundi lina waigizaji wachache tu, waliobaki hutafutwa kila wanapofika. Kutafuta ndiyo kazi niliyopewa. Nafasi ya Yesu haina taabu — Bwana Joab ameichukua mwenyewe.

Jumatano, 14 Oktoba
Somo la kwanza, na nimeaibika. Tulisimama njiani wachuma chai wakirudi na vikapu. Bwana Joab akauliza, nani hapa ni mjane wetu? Nikamwonyesha Mokeira, mrefu, sauti kama kengele ya kanisa. Bure! Eti nimechagua uso. Mtu hachaguliwi kwa anachoweza kufanya, ila kwa kile kinachomshinda kuficha. Nikaitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana. Sikuelewa hata chembe.

Jumamosi, 17 Oktoba
Nimempata! Nami nimeishi naye nyumba moja miaka yote hii — mama yangu!

Leo kulikuwa na matanga kwenye laini, nyumba za wafanyakazi, mzee mmoja wa kwetu Nyanza amekufa. Mama akaitwa alie, kama anavyoitwa kila mara. Hata Wakisii ambao hawaelewi neno la Kijaluo walivua kofia. Nikakimbia kumleta Bwana Joab. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akanishika mkono, mkono wangu, mbele za watu!

Mama hakupenda. Kumlilia mtu ambaye hakufa, si kumdhihaki Mungu? Nikambembeleza. Mwishoni akasema, "Kama ndiyo kazi yako, nyathina, nitalia." Mwanangu, ananiita hivyo hata mbele ya wageni. Nimefurahi mno, siwezi kukaa kitako.

Jumanne, 20 Oktoba
Balaa. Tuna mjane, hatuna maiti.

Gichana, mchuma chai, alikuwa amekubali. Alilala kwenye ubao akicheka, nikaanza kumzungushia shuka. Mara akaingia kaka yake Nyamwange, akaivuta shuka ile hata Gichana akabiringika chini. "Wewe nalala kama maiti, watu nakulilia, halafu unarudi kwa nyumba yetu na hiyo kifo? Hapana!" Akaondoka naye akimshika sikio, mtu mwenye watoto wawili.

Nikaenda kwa Omwenga. Hapana. Phelix alinifungia mlango. Hata Lazarus mlevi, nikidhani jina litamsaidia, aliniambia nikamtafute mwenye wazimu. Nikamshauri Bwana Joab tulaze mgomba, tuufunike vizuri. "Na mgomba utaamkaje?" akauliza.

Alhamisi, 22 Oktoba
Bwana Joab amesema maiti ni mimi.

Nilijua angesema. Nimekuwa nikizunguka shamba hili siku nzima ili asinikute. Mimi ndiye nitakayelala, na mama asiambiwe. Nitafunikwa uso. Atalia kilio chake cha kila siku, kizuri, lakini cha kazi. Halafu Yesu atafunua shuka, mama ataniona — na hapo, anasema, watu wa Kericho wataona mchezo.

Nikamwambia, bwana, baba yangu amekufa. Ndugu zangu wote wamekufa wadogo. Mimi ndiye niliyebaki kwake. Kwetu mtu haliliwi akiwa hai, ni kumwita mauti kwa jina.

"Ndiyo maana," akasema. Hakukasirika. Alikuwa anapiga kiatu rangi.

Kwa hiyo ndilo somo lenyewe. Tafuta kidonda cha mtu, ukitie kidole watu wakitazama. Na aliyemwonyesha kidonda ni mimi, nikikimbia, nikijisifu!

Lori linaondoka Jumapili asubuhi.

Ijumaa, 23 Oktoba
Sikula. Mama aliniuliza nani atakuwa maiti. Nikasema mtu wa Kaplong, hamjui. Akasikitika. Hana mama huyo? Akanipakulia ugali mwingine. Nimetamani kumwambia mara ngapi leo, na kila mara naona lori likiondoka bila mimi, naona nyapara akicheka. Mimi ni mtu mbaya. Mungu anisaidie, sijui hata nimwombe nini.

Jumamosi, 24 Oktoba
Naandika nyuma ya jukwaa, limejengwa kwa masanduku ya chai. Watu wamejaa mpaka ukingo wa shamba, wengine wametoka Mogogosiek kwa miguu. Miguu yangu imeshafungwa kwa shuka. Mikono bado. Bwana Joab amevaa kanzu nyeupe, ananiambia nitupe penseli.

Mama yuko upande wa pili wa pazia, namsikia. Hajaanza. Anambishia mtu. Anasema hawezi kulia hivi hivi, marehemu huitwa jina lake, na la baba yake, na alikotoka. Huyu kijana ni nani? Wanamwambia Biblia haikutaja. Wanamwambia aseme jina lolote. Anasema jina lolote ni la mtoto wa mtu.

Watu wameanza kupiga makofi, wamechoka kungoja.

Sasa ananiita mimi! Niitieni Kepher, anasema, Kepher ndiye anayejua kazi hii, aje aniambie namlilia nani. Anaita tena. Sauti inapanda. Bwana Joab ameweka kidole mdomoni, ananitikisia kichwa, ameshika shuka ya uso. Anaita, Kepher! Kepher wa Ochieng'! Jina langu na la baba. Huko mbele watu wamenyamaza kabisa, wanadhani ameanza. Kuna mwanamke analia tayari. Nikimwitikia, lori litaondoka bila mimi. Nisipomwitikia, mama ananililia nikiwa hai —