Jina Mlangoni mwa Teksi

Jumamosi, Julai 1983. Mtaani Jericho.

Baridi imeingia mpaka kwenye mifupa, na jua halijaonekana tangu asubuhi. Lakini leo moyo wangu una joto.

Baba Nafula, mume wangu, tulimzika kule Bungoma mwezi wa nne. Alituachia hii Peugeot ya teksi, tuliyoinunua kwa cherehani yangu na kazi yake ya kiwandani. Sasa nimemwajiri dereva. Ikisimama teksi, watoto wangu hawasomi.

Sheria ya teksi inataka mwenye gari ajulikane: jina lake na sanduku la posta viandikwe mlangoni, abiria avisome kabla hajapanda. Baba Nafula hakuniuliza. Alimwita fundi wa rangi, akaandikisha jina langu, RODAH NEKESA, kwa herufi kubwa nyeupe. Weh! Madereva wenzake stejini walimcheka mpaka wakachoka. "Umeolewa, bwana!" Yeye akawajibu, "Sheria imesema mwenye gari. Haijasema mwenye kushika usukani." Mimi nilitamani ardhi inimeze. Sokoni wakaanza kuniita Mama Teksi.

Leo asubuhi shemeji yangu Simiyu amefika pamoja na baba mkwe. Nimewaandalia chai. Kabla hata hajaimaliza, Simiyu akasema gari la ndugu yake linarudi nyumbani, hakuna mjadala. Funguo alikuwa ameshazitoa ukutani. Nilisimama tu na birika mkononi.

Lakini hawezi kuliendesha mpaka Bungoma likiwa na jina langu. Askari wa barabarani wangemsimamisha wamuulize huyu Rodah ni nani. Kwa hivyo alikuja amejiandaa na petroli, brashi na mkebe wa rangi. Akachutama pale nje, mchana kweupe, akaanza kufuta.

Mama Wambui, jirani yangu anayeuza mboga za sukuma, ndiye aliyepiga kelele.

"Wee! Unafuta jina la mtu na mwenyewe amesimama hapo?"

Baba mkwe haoni vizuri siku hizi. Akauliza, "Kwani hapo pameandikwa nani?"

"Rodah Nekesa, mwenye gari!" Mama Wambui akamsomea, mtaa mzima ukasikia.

Mzee akasogea, akaupapasa mlango taratibu. "Nani aliandikisha hivi?"

"Ni Baba Nafula mwenyewe, Baba," nikamjibu.

Akaondoa mkono mlangoni.

"Basi mwanangu alishasema. Simiyu, mrudishie mama funguo zake."

Nililia. Sikulia hivyo hata siku ya mazishi.

Asante, Baba Nafula. Nilidhani unanitia aibu mbele ya watu, na leo watu hao hao ndio wamenisimamia. Asante pia Mama Wambui na hiyo sauti yako, ambayo nimeilalamikia miaka yote.

Simiyu ameondoka kwa haraka, akasahau mkebe wake wa rangi. Herufi ya kwanza ya jina langu imefutika yote. Kesho nikitoka kanisani nitaiandika upya, kwa mkono wangu, kwa rangi yake.