Siku Isiyo na Zamu

Upendo mjukuu wangu,

Marahaba. Shikamoo yako nimesomewa na baba yako kwenye simu, nami najibu kwa kalamu kwa sababu mimi na hiyo simu hatuelewani. Huku Nkoaranga tu wazima. Kahawa imeanza kuiva, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeuliza kama ni dhambi, Jumatano unayopumzika kazi ya uuguzi, kulala tu bila kwenda kwaya wala kikao cha vijana.

Nilipoolewa hapa, maji ya mfereji wa kumwagilia mashamba yalikuwa kwa zamu. Kila nyumba ilikuwa na siku yake, ila Jumapili haikuwa ya mtu. Mimi nilitaka nionekane hodari. Jumapili moja nilitoka kanisani nikashika jembe, nikabomoa ukingo maji yaingie kwenye migomba yetu.

"Si yanapotea bure, mama?" nilimwambia mama mkwe aliponikuta.

Hakunigombeza. Alirudishia udongo kwa mikono, akiwa bado na gauni lake la kanisani, kisha akaketi pale ukingoni. "Kaa, mwanangu. Leo yanapita tu."

Nikakaa. Miezi minane nilikuwa nachota pale, sikuwahi kuyasikia yakipita. Nikaanza kulia, wala sikujua nimechoka kiasi kile.

Jumapili uko wodini, na Mungu anajua wagonjwa hawangoji. Basi Jumatano yako ndiyo iwe Sabato. Mwalimu wa kwaya akipiga simu, mwambie leo maji yanapita tu. Asipoelewa, mlete huku. Ule ukingo bado upo.

Bibi yako