Alama Mbili Kwenye Pampu

Jumatatu, 4 Agosti 1986. Emali

Nimefagia veranda, nimetia cherehani mafuta, nimeanika nguo. Kosa ni hilo la mwisho. Baba Mwende akawasha gari, au tuseme alijaribu. Moshi mweupe ukatoka, ukatulia juu ya kamba yangu kama mteja anayechagua. Macho yakawasha. Sare za shule nilizomaliza jana zinanuka dizeli na watoto hawajazivaa.

Walilisukuma hadi karibu na reli ndipo likashika. Wasukumaji ni wale wale. Siku hizi hawaitwi, wanakuja wenyewe.

Ni gari dogo la dizeli, kuukuu, rangi ya chai yenye maziwa mengi. Baba Mwende hubeba nalo watu na vitunguu kutoka upande wa Loitokitok. Tangu mvua za Aprili halina nguvu. Kilima kidogo tu linaomba radhi.

Jioni amesema bila kuniangalia: Jumamosi mtu wa vipuri atakuja kutoka Sultan Hamud kulichukua. Atalikatakata. Yeye mwenyewe atarudi Mombasa kwenye matreila, binamu yake amemwekea nafasi.

Mara ya kwanza alipokaa Mombasa, mtoto wetu Mwende alijifunza kutembea, kusema na kusoma baba yake akiwa huko. Sitaki tena. Sikumwambia. Nilisema "Haya," nikakata uzi kwa meno.

Jumanne, 5 Agosti

Asubuhi nimechukua kioo cha wateja, nikakishusha ndani ya injini, pembeni mwa pampu. Baba Mwende ameuliza natafuta nini. Nimesema kifungo.

Nimeona nilichotaka. Alama mbili za tindo, moja juu ya nyingine kidogo.

Hapa Emali kila fundi ana desturi hii: kabla hajaitoa pampu ya dizeli, anapiga alama kwa tindo, nusu kwenye pampu, nusu kwenye injini, ili akiirudisha mikwaruzo ikutane. Ni akili nzuri. Shida inaanza gari likienda kwa fundi wa pili. Huyo hawezi kutumia alama ya mwenzake. Ni kama kuoga na maji ya mtu. Kwanza anaisema vibaya, halafu anasogeza pampu kwa sikio lake na kupiga yake.

Alama ya chini ni ya Kilonzo, mwenye gereji iliyo mbele ya veranda yangu. Mstari mmoja, mrefu, kama yeye. Alitoa pampu Aprili kwa sababu ilikuwa inavuja. Ya juu ni ya Salim wa karibu na stesheni, mtu ambaye babu yake alikuja na reli kutoka pwani akakataa kurudi. Yake ina mkia. Salim hawezi kufanya kitu bila urembo.

Pampu sasa imekaa kwenye mstari wa Kilonzo. Baba Mwende alilirudisha gari kwake baada ya kutoelewana na Salim.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye blauzi ya mke wa mchungaji. Akili haikuwa hapo.

Nimefikiri hivi. Kwenye alama ya Kilonzo: gari linakataa kuwaka asubuhi, linatoa moshi mweupe unaochoma macho, halina nguvu. Kwenye alama ya Salim: liliwaka upesi, moshi ukaisha, lakini liligonga kama mtu anayepasua kokoto ndani ya sufuria, na maji yakachemka. Baba Mwende aliogopa pistoni zitatoboka. Ndipo wakakosana.

Dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Inapigwa ndani ya silinda wakati hewa imebanwa ikawa moto. Ikichelewa, haiungui yote, inatoka moshi. Ikiwahi, inalipuka pistoni ikiwa bado inapanda, ndiyo ile kokoto. Haya sikufundishwa na mtu. Nimekaa mbele ya gereji tangu niolewe, na wanaume wakibishana hawakumbuki kwamba mshonaji ana masikio.

Kwa hiyo mmoja amechelewesha na mwingine amewahisha. Na cherehani yangu ilishanifanyia hivyo hivyo. Ndoano ya chini ilichakaa, ikawa inaifikia sindano ikiwa imeshapanda mno, mishono inaruka. Kiwandani waliweka kitone cha rangi cha kufuata. Nilikifuata mwezi mzima nikilia. Halafu nikakipuuza, nikazungusha gurudumu kwa mkono polepole, nikaangalia ndoano inakutana na uzi wapi hasa.

Gari nalo lina cheni ndani, inayotoka krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kwenda kwenye pampu. Ni kuukuu. Cheni kuukuu hurefuka, na pampu inachelewa. Ilikuwa imechelewa tayari Kilonzo alipoifungua Aprili. Alama yake ni ya kweli kabisa: inaonyesha kwa uaminifu mahali kosa lilipokuwa.

Njia ya kupima ipo, na wote wawili wanaijua. Mwaka jana nilimwona Salim akiifanya kwenye lori la mtu wa Zombe. Unatoa mrija wa silinda ya kwanza, unafunga kipaipu kilichopinda, unazungusha injini kwa mkono. Dizeli inachuruzika, inakuwa matone, inakatika. Pale inapokatika ndipo pampu inapoanza kusukuma. Unasoma digrii kwenye puli, lile gurudumu la mbele ya injini. Basi.

Nimemuuliza Baba Mwende kwa nini hawapimi matone. Amesema fundi hapimi injini yenye alama yake. Ni kama kukubali alama inaweza kusema uongo. Kila mmoja akiguswa anasema, "Mpime ya yule."

Wanaume hawa wataniondolea mume kwa sababu ya mikwaruzo.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemwita Kilonzo aje kuchukua ovaroli yake. Nilikuwa nimeitia kiraka bila kuombwa. Nikamwambia, nikiangalia kiraka, kwamba nasikia Salim anasema ile alama ya mstari ikipimwa matone itaona haya.

"Salim? Yule fundi wa kelele? Aai, Mama Mwende! Mimi niogope tone? Mwambie alete hicho kipaipu chake. Kesho! Mbele ya watu!"

Mchana nimepita stesheni kununua uzi ambao duka la karibu wanao. Salim alikuwa chini ya gari. Nimeongea na miguu yake. Nimesema Kilonzo anatangaza kwamba alama yenye mkia haiwezi kusimama mbele ya tone.

Miguu imeanza kusogea. Halafu amejitokeza, uso mweusi kwa grisi.

"Kilonzo kasema hivyo? Kilonzo ambaye kipaipu hana, huja kuazima kwangu? Wallahi kesho nikitoka kuswali naja. Mwambie aje na spana, mdomo auache nyumbani."

Sikusema uongo. Hawakuyasema hayo, lakini wangeyasema kama wangeulizwa. Niliwapunguzia safari.

 Je, ikiwa tatizo si taimingi, ule muda wa pampu kusukuma? Ikiwa ni pampu yenyewe imekufa, nimewaita watu waje kumuaibisha mume wangu mbele ya soko.

Ijumaa, 8 Agosti

Siwezi kuandika polepole.

Nimepika muthokoi, mahindi ya kukoboa, tangu asubuhi, na maharagwe, sufuria kubwa. Mtu aliyeshiba hakimbii ugomvi katikati. Baba Mwende ameuliza kuna wageni gani. Nimesema mafundi wako wanakuja kuliaga gari. Amekaa chini kwenye tairi.

Salim amefika na kanzu ndani ya mfuko, kipaipu mkononi kimefungwa kitambaa kama maiki ya mhubiri. Kilonzo amevuka barabara na spana begani. Hawakusalimiana. Watu wamejaa, wasukumaji wote wamo mbele, kwa haki.

Shida ya kwanza: nani ataangalia tone? Kilonzo hamwamini Salim. Salim hamwamini Kilonzo. Baba Mwende ana hasira na wote.

"Aangalie Mama Mwende," amesema mmoja wa wasukumaji. "Anatia uzi kwenye sindano taa zimezimika."

Wamekubali. Nimejifanya sitaki. Sijui kama nimewahi kutaka kitu hivyo.

Kilonzo akazungusha krenki kwa spana. Salim akapampu kwa ile pampu ndogo ya mkono. Mimi nikainama juu ya kipaipu. Dizeli ikachuruzika. Ikawa nyembamba. Ikawa matone, moja, halafu jingine, halafu moja likaning'inia kwenye mdomo wa paipu, likakataa kuanguka.

"Simama!"

Tumeangalia puli. Inatakiwa isome ishirini na nne. Ilikuwa imeshapita, mbali. Imechelewa.

Salim alitabasamu kwanza, na hiyo ni mbaya kuliko neno. Halafu akamgeukia mwenzake.

"Kilonzo, ndugu yangu, gari lako linakula chakula cha jana jioni leo asubuhi."

Watu wamecheka. Kilonzo amesema kwa sauti ndogo, "Na yako." Wakalegeza nati, wakasogeza pampu hadi kwenye mkia. Kilonzo akazungusha. Nikainama. Matone. Tone likakatika puli ikiwa haijafika hata karibu na ishirini na nne. Imewahi, wazi kabisa.

Sasa Kilonzo alicheka hadi akashika gari.

"Mkia! Mkia umetangulia kichwa!"

Hapo ndipo niliogopa. Salim alianza kufungua kipaipu chake aende. Nikasema tu, kama mtu anayejisemea, kwamba muthokoi uko tayari, lakini nani atakula kabla ya kujua liko wapi? Wote wawili wameniangalia. Kilonzo ameushika mkono wa spana. Salim amerudisha kipaipu.

Wamefanya kazi. Sijawahi kuona watu wawili wakifanya kazi hivyo. Wanasogeza pampu unywele huku, unywele kule. Mara moja Kilonzo alipitiliza akataka kurudisha nyuma.

"Usirudishe!" amesema Salim. "Cheni italegea itudanganye. Zungusha yote tena."

"Najua, bwana."

"Najua kwamba unajua."

Nadhani huo ndio msamaha, kwa Kikristo na Kiislamu pamoja.

Tone likaning'inia. Nikasema simama. Puli ikasoma ishirini na nne, juu ya mstari, kama mshono wa kola. Pampu ilikuwa karibu zaidi na alama ya Salim, lakini hakuna aliyesema.

Wamekaza nati. Wote wawili wameshika tindo. Nikaona tunarudi tulikotoka. Nikamwambia Baba Mwende gari ni lake. Amesimama kutoka kwenye tairi, amechukua nyundo, ameweka tindo, amepiga mara moja. Alama mbaya, imepinda. Imekaa.

Gari limewaka. Sauti laini, nzito, bila kokoto. Lakini wote tulijua injini imezungushwa alasiri yote na jua ni kali. Mtihani ni asubuhi, kwenye baridi.

Muthokoi umeisha wote. Wamekula sahani moja, Kilonzo na Salim, wakibishana kuhusu lori la mtu mwingine.

Jumamosi, 9 Agosti

Baridi ya Agosti, ukungu hadi relini. Wasukumaji walikuwa wamesimama kwenye kona, mikono makwapani, tayari.

Baba Mwende amepasha plagi za joto, zile zisizotoa cheche. Amegeuza ufunguo.

Likawaka. Mara ya kwanza. Kamoshi kadogo kakatoka, kakaona hakuna kazi, kakaondoka. Mmoja wa wasukumaji amevua kofia.

Wamepanda, Baba Mwende na mafundi wote wawili na wasukumaji waliotosha, wakaenda kwenye kile kilima cha barabara ya kwenda mji wa Wote ambacho gari halijakipanda tangu Aprili isipokuwa kwa kusukumwa.

Mtu wa vipuri amefika wakati huo. Amevaa koti safi. Ameuliza gari bovu liko wapi. Nimesema limeenda kilimani. Amesema, limevutwa? Nimempa kiti na chai, nikaendelea kushona. Nilishona vizuri sana. Sijui lini nilishona vizuri hivyo.

Tumelisikia kabla ya kuliona. Limeteremka, limejaa watu, Kilonzo kichwa nje ya dirisha anapiga kelele, "Namba tatu! Tumepanda na gia namba tatu!" Salim kiti cha mbele, mikono imekunjwa, kama mwenye kiwanda.

Mtu wa vipuri amelizunguka, amesikiliza, ameinama kwenye bomba la moshi. "Mama, niliambiwa hili limekufa."

"Waliokwambia hawakungoja mazishi," amesema Baba Mwende. Halafu akamwambia haliuzwi. Akasema tena, ingawa hakuna aliyeuliza. Haliuzwi.

Amesimamisha treila la kwanza linaloelekea pwani, akamtuma dereva kwa binamu yake: nafasi ile apewe mwingine. Nilimwona kutoka veranda. Niliingia ndani, nikafunga mlango, nikarukaruka kama mtoto.

Kufikia jioni Kilonzo anasimulia upande huu wa soko jinsi alivyogundua cheni imerefuka. Salim anasimulia hivyo hivyo upande wa stesheni. Wateja wananiletea hadithi zote mbili na nguo zao, nami naitikia, kumbe, kumbe. Waendelee. Nimeshinda. Naandika hapa tu, kwa sababu nikiyasema nje nitaharibu biashara ya watu wawili ninaowahitaji.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani, halafu nyumbani. Mchungaji amesema mke wake anashukuru kwa blauzi lakini haingii. Nimesema alete.

Upepo kidogo. Nguo zimekauka upesi, zinanuka jua.

Baba Mwende ameoga mchana. Miaka ya Mombasa, alipokuja likizo, aliuliza kila mara taulo liko wapi, akalitumia, akalikunja vizuri akaliweka kwenye kiti kama la hoteli. Leo amelichukua mwenyewe kwenye kamba. Amelitupa sakafuni. Amelala na miguu nje ya kitanda, Mwende anamchora.

Nimeliokota. Nimelianika tena.