Madirisha Niliyofunga Kiruruma

Kayanga, Karagwe
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa mlangoni unaota jua, na goti halikusumbui tena kama siku zile za mvua. Kahawa imeanza kuiva? Yule ng'ombe mwekundu amezaa salama? Mimi kwa mwili ni mzima. Nakula, nalala, na kazi ya madirisha haijakosekana. Ila moyoni sijatulia. Uliponipigia simu Jumatano ukaniuliza uweke madirisha ya aina gani, nilikujibu kwa mkato ukadhani nimekasirika. Sikukasirika, Mama. Nilishindwa kusema. Nimeona niandike, Dada akusomee taratibu.

Mwezi uliopita nilipata kazi Kiruruma, kwa mjane mmoja anayeitwa Ma Yustina. Nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma, aliijenga na marehemu mume wake, na madirisha ya mbao yalikuwa yameliwa na mchwa kama hayo yako. Alitaka ya aluminiamu, yenye vioo vya kusukuma pembeni, na mbele ya vioo ziwepo grili za nondo, maana wezi wa kahawa wamesumbua sana upande ule. Binti yake, Koku, alikuwa anakaribia kujifungua na angekuja kulelewa pale.

"Zibane sana," Ma Yustina aliniambia. "Hata paka asipite."

Nikazibana. Kati ya nondo na nondo niliacha nafasi ya vidole vinne, nikazichomelea kwenye vyuma nilivyovizika ukutani. Nilipomaliza niliishika moja kwa mikono miwili nikaning'inia. Haikutikisika. Nikaenda zangu nikijisifu njia nzima.

Wiki tatu baadaye aliniita, kioo cha sebuleni kimekwama. Nilifika kwa bodaboda asubuhi, mvua imekatika punde tu. Nilimkuta kibanjani, kwenye migomba yake, anakata ndizi za mchana. Akaniambia Koku yuko ndani na mtoto, siku ya sita tangu ajifungue. Tukaongozana kwenda nyumbani, na kabla hatujafika uwanjani tukaona moshi unatoka mlangoni.

Kwa ajili ya mvua Ma Yustina alikuwa ameliingiza jiko la mkaa sebuleni kupasha maji ya kumwogesha mzazi. Upepo ukalipeperusha pazia likashika moto, na kutoka pazia moto ukaingia kwenye makochi. Mlango wa mbele haukupitika. Nikazunguka mlango wa nyuma, nikasukuma kwa bega, wapi. Kwa ndani walikuwa wamepanga magunia ya kahawa mpaka juu, kwa kuwaogopa wezi wale wale.

Ndipo nikasikia ninaitwa. Koku alikuwa kwenye dirisha la chumbani, amesukuma kioo, ameshika nondo.

"Fundi, fungua."

Mama, hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Nikamjibu, "Hazifunguki." Nikajisikia mwenyewe nikilisema neno hilo.

Akamwinua mtoto akajaribu kumpitisha kati ya nondo. Kichwa kikakataa. Akamgeuza ubavu, akajaribu nafasi nyingine. Kikakataa. Zote zilikuwa sawasawa, nilizipima mimi.

Nikamwambia alale naye sakafuni, afunike pua zao kwa kitenge. Ma Yustina akaja mbio na mtaimbo wa kuchimbia mashimo ya migomba. Niliupokea nikaanza kupiga zile nondo kama mwendawazimu. Hazikusogea hata kidogo. Ni Ma Yustina aliyenishika shati kwa nyuma.

"Achana na vyuma. Piga ukuta chini ya dirisha. Tulijenga kwa udongo."

Nikapiga. Plasta ya saruji ikapasuka, na ndani kweli matofali yalikuwa yameshikwa na udongo mtupu. Majirani wakafika na majembe. Tulipopata tundu la kutosha kupitisha kapu, Koku akamtoa mtoto kwanza. Pua yake ilikuwa nyeusi na hakuwa analia. Kisha tukamvuta Koku mwenyewe kwa mikono, matofali yakamchuna mgongo. Mwanamke mmoja jirani akamlaza mtoto kifudifudi kwenye mkono wake, akamsugua mgongo, muda mrefu mno. Mwishowe akakohoa. Mama, mimi nilikaa chini kwenye tope, nikashindwa hata kuinuka kusaidia kuzima moto.

Wote wawili walilazwa hospitali wakapona. Nusu ya paa imeungua. Siku nilipokwenda kuwaona wodini nilimwomba Ma Yustina anisamehe.

"Mimi ndiye niliyekwambia paka asipite," alisema. Kisha akaniuliza, "Nyumba nyingine umezifungia hivi ngapi?"

Nilikuwa sijafikiria. Nikaanza kuhesabu kwa vidole vya mikono, vikaisha.

Tangu siku ile nazizungukia nyumba hizo. Nakata grili moja katika kila chumba cha kulala, naitia bawaba na kufuli kwa ndani. Juzi nilikuwa Kamuli, mwenye nyumba akanizuia mlangoni. "Unataka kuwarahisishia wezi kazi?" Nikamweleza habari ya kichwa cha yule mtoto. Alikwenda akasimama kwenye chumba wanacholala wajukuu zake, akatazama dirisha, akaniambia, "Anza na hiki."

Sasa hayo yako. Usikubali fundi ang'oe fremu za zamani kabla hajachunguza juu ya dirisha kama kuna lenta, ule ukanda wa zege unaobeba ukuta. Ukuta wenu ni mkongwe, unaweza kumwangukia. Apime kila tundu juu, katikati na chini, maana kuta za zamani hazijanyooka. Sakafu ya dirisha kwa nje iinamie nje, la sivyo mvua itaingia kitandani. Ukitaka wavu wa mbu, sawa. Ukitaka grili, sawa pia, lakini ya chumbani kwako lazima ifunguke kama mlango, na ufunguo utundikwe kwa ndani, unapoufikia bila kuinua mkono sana, mbali na mkono wa mtu aliye nje. Na uwaambie hapo nyumbani waondoe yale magunia ya mahindi wanayopanga mlango wa nyuma.

Siku fundi akimaliza, mwambie atoke nje, wewe ubaki chumbani peke yako, ufumbe macho kama vile kuna moshi, kisha ufungue grili. Ukishindwa, asiondoke.

Nisalimie Dada msomaji wetu, na shemeji mumewe. Baba mdogo mwambie shikamoo yake imo humu. Bibi mzaa baba mwambie kwamba namkumbuka, na kwake pia nitakuja kutazama madirisha, ya kwake niliyafunga mimi mwaka juzi.

Ni mimi kitindamimba wako,
Projestus